Lori letu linadunda kompyuta ikiwashwa: tulijaribie wapi?

"Shikamoo mhandisi. Sisi ni vijana wanne wa Mwanza, gereji yetu iko Nyakato. Tulinunua lori kuukuu la ekseli tatu, tukaondoa springi za nyuma, tukafunga mifuko ya upepo, shokapu zenye vali ya umeme, sensa nne za kupima urefu na kompyuta ndogo ambayo programu yake tumeiandika wenyewe. Tunataka kubeba samaki wenye barafu bila kupondeka, na baadaye tuwafungie wenye malori wengine. Kwenye lami linatulia vizuri sana. Shida ni barabara ya vumbi yenye vijiwimbi vilivyoachana kama mita moja. Tukifika mwendo wa 40 hivi, nyuma linaanza kudunda na linazidi mpaka tupunguze mwendo. Tukizima kompyuta linatikisika, lakini halidundi vile. Tumepima: tangu sensa isome mpaka vali ifunguke ni kama milisekunde 60. Sasa tunafikiria kulipakia tani 10 na kulijaribu usiku, magari yakiwa machache, kutoka Buhongwa hadi Usagara, kisha Kigongo, tuvuke daraja mpaka Busisi na kurudi. Mwenzetu mmoja anasema programu ikishakaa sawa lori haliwezi hata kupinduka kwenye kona. Je, kudunda huku ni kawaida? Na tulijaribuje?"

Marahaba, vijana wangu. La haraka kwanza: safari hiyo ya usiku iahirisheni. Lori linalodunda lenyewe likiwa tupu halipelekwi barabara kuu likiwa na tani 10 mgongoni. Usiku nao hauwaondoi watu barabarani, unawaficha tu. Kuna baiskeli zisizo na taa, kuna bodaboda, kuna mama anarudi na ndoo kichwani. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, ndilo baya kuliko yote kwa kazi hii: upepo wa ziwa unalipiga lori ubavuni, na pembeni ni maji.

Baada ya hapo niseme nimefurahi, kwa sababu mmepima. Ile namba ya milisekunde 60, pamoja na sentensi mliyoipitisha kama jambo dogo, kwamba mkizima kompyuta halidundi vile, vinanipa zaidi ya nusu ya jibu. Kudunda huko si kawaida, wala si ishara kwamba shokapu zimekufa. Kompyuta yenu inachelewa, na kwa kuchelewa inalisukuma lori upande ambao tayari linaenda.

Kila aliyewahi kupanda mtumbwi ziwa likiwa limechafuka ataelewa. Wimbi likiinua ubavu wa kushoto, unaegemea kushoto ili mtumbwi usilale kulia. Ukiegemea kwa wakati, unatulia. Ukichelewa kidogo, bado unasaidia. Lakini ukichelewa mpaka wimbi limeshapita na mtumbwi wenyewe unaangukia kushoto, uzito wako unauongezea safari. Hujafanya kosa lolote la nguvu wala la upande, umekosea wakati tu, na wakati peke yake unatosha kuwamwaga wote majini.

Sasa tuweke namba. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni karibu mita 11 kwa sekunde. Vijiwimbi vyenu vimeachana mita moja, kwa hiyo gurudumu linapigwa mara 11 kila sekunde. Kupanda na kushuka mara moja ni milisekunde 90, yaani 45 za kupanda na 45 za kushuka. Sensa inaona gurudumu linapanda, kompyuta inaamua, vali inafunguka, na milisekunde 60 zimekwisha. Gurudumu limeshafika juu na limeanza kurudi chini. Amri iliyotolewa kwa ajili ya kupanda inatekelezwa wakati wa kushuka. Kwenye lami mambo ni mengine. Pale kinachocheza ni mwili wa lori wenyewe, nao huenda juu na chini mara moja na nusu hivi kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 667 au karibu na hapo, na 60 ndani yake ni chini ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mnaliona linatulia. Programu ni ileile, ucheleweshaji ni uleule, barabara ndiyo imebadilisha maana ya kuchelewa.

Kuna jambo la pili linalolifanya lizidi. Ekseli ya lori imekaa katikati ya vitu viwili vinavyonesa, tairi chini na mfuko wa upepo juu. Ina mdundo wake wa asili, ambao kwa malori mengi huwa kati ya mara 8 na 15 kwa sekunde. Kwa mwendo wa 40 barabara inaipiga ekseli karibu na mdundo huo. Shokapu ya kawaida ingeumeza mdundo na kuugeuza joto. Ninyi badala yake mna kompyuta inayouchochea. Barabara, ekseli na ucheleweshaji vimekutana mahali pamoja, na hilo litatokea tena popote mtakapokuta vijiwimbi vya aina hiyo.

Msilichukulie kama suala la starehe au la samaki kupondeka. Tairi linaloruka halishiki ardhi. Kwa sehemu ya sekunde ambayo liko hewani halina breki na halina mshiko wa kona, na dereva hajui ni sehemu ipi.

Hapa niulize kitu ambacho hamkukiandika. Je, programu inajaza na kutoa upepo kwenye mifuko kufuata kila kijiwimbi, au inaigusa vali ya shokapu peke yake? Kama inacheza na upepo, acheni leo. Upepo unapita kwenye mabomba, unachelewa kuliko umeme na kuliko mafuta, na mfuko wa upepo hauwezi kufuata kitu kinachokuja mara 11 kwa sekunde. Ni mzuri sana kwa kazi ya polepole: kupakia, kupakua, kusawazisha kimo. Tena kompresa inayojaza mifuko yenu ndiyo ileile inayojaza breki. Malori mengi huishi kwenye upepo wa bar 8 hadi 10. Mifuko ikiunyonya, kwanza breki zinalegea, kisha upepo ukishuka zaidi breki za maegesho, ambazo hufungwa na springi na kuachiwa na upepo, zinajifunga zenyewe gari likiwa kwenye mwendo. Lazima kuwe na vali ya ulinzi inayokata upepo wa mifuko kabla ya upepo wa breki kuguswa. Kama hamna, lori lisitoke gereji hata kwenda kununua mafuta.

Jingine zito zaidi. Springi mlizoziondoa hazikuwa zinabeba uzito tu. Ndizo zilizokuwa zinaishikilia ekseli isiende mbele, isirudi nyuma, isiteleze pembeni, isijipindue wakati wa breki. Mfuko wa upepo haufanyi hata moja kati ya hizo, unabeba tu. Kazi ile yote sasa imehamia kwenye mikono ya chuma mliyoifunga kati ya ekseli na chesisi, ile fremu ya reli mbili ndefu za chuma inayobeba lori. Nani aliipigia hesabu? Imechomelewa wapi? Kama mmetoboa au kuchomelea ule ukingo wa juu au wa chini wa reli ya chesisi, hapo ndipo chuma kinapobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine, na ufa huanzia hapohapo. Tundu hufanywa kwenye ubavu wa reli, mbali na kingo. Hili siwezi kulisuluhisha kwa maandishi. Linahitaji macho na tochi chini ya gari, na nitalirudia mwishoni.

Sasa hoja ya mwenzenu kuhusu kupinduka. Naielewa inatoka wapi. Wengi wetu tumesikia habari za magari ya mbio yaliyokuwa hayalali kwenye kona. Ni kweli yalikuwepo. Kwenye mbio za Formula 1, mwaka 1987 dereva Ayrton Senna alishinda Monaco na Detroit kwa Lotus yenye saspensheni (yaani mfumo wa springi na shokapu) ya kompyuta, na mwaka 1992 Nigel Mansell akawa bingwa wa dunia kwa Williams FW14B, mpaka teknolojia hiyo ikapigwa marufuku kuanzia msimu wa 1994. Lakini gari la mbio liko karibu na ardhi kama mkeka. Lori la samaki limesimama.

Chukueni umbali kutoka katikati ya matairi ya kushoto hadi katikati ya matairi ya kulia, tuseme mita 1.9. Nusu yake ni 0.95. Igaweni kwa kimo cha kitovu cha uzito lori likiwa limepakia, tuseme mita 2. Mnapata 0.475. Maana yake ni kwamba nguvu ya pembeni inayokaribia nusu ya uzito wa lori inalipindua hata kama lingekuwa jiwe moja lisilonesa popote. Kwa kuwa matairi na mifuko vinabonyea na mzigo unahamia nje, lori la kweli hupinduka mapema zaidi, kwenye 0.35 hivi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, 0.35 ni mwendo wa kilomita 47 kwa saa, na 0.475 ni kilomita 55. Kompyuta iliyokamilika kabisa inacheza ndani ya hizo kilomita 8. Zaidi ya hapo haina lolote, kwa sababu haiwezi kulipanua lori, na mzigo itaushusha kwa zile sentimita chache tu mnazoweza kushusha chesisi.

Tena lori lisilolala kwenye kona linamnyang'anya dereva onyo lake. Dereva wa siku nyingi hupunguza mwendo kwa sababu anahisi mwili wa gari unaegemea. Mkimwondolea hisia hiyo bila kuongeza mpaka wenyewe, mtakuwa mmemfungia macho. Na kwa kuwa mnabeba barafu, kumbukeni kwamba inayeyuka. Maji yakikusanyika kwenye sakafu ya boksi yatakimbilia upande wa nje wa kona kwa pamoja. Wekeni matundu ya kutolea maji, mengi, pande zote.

Nije kwenye jaribio lenyewe, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko kwingine. Jaribio la kwanza la lori lenye kompyuta linafanywa kompyuta ikiwa imezimwa. Kama lori si salama likiwa limezimwa, hamna gari. Mna kitu kilichosimama kwa hisani ya waya.

Kuna kipimo cha zamani na cha bei rahisi ambacho sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1996 kuhusu vipimo na uzito wa malori inakitumia kuamua kama saspensheni ina ubora ulio sawa na ule wa upepo. Lori linapita taratibu, kilomita 5 kwa saa, juu ya kingo ya kimo cha milimita 80, ekseli inashuka, na watu wanapima mwili unavyocheza baada ya hapo. Masharti mawili ndiyo makubwa: usicheze zaidi ya mara 2 kwa sekunde, na mchezo ufe haraka, yaani shokapu zimeze angalau asilimia 20 ya kile kiwango ambacho mwili ungerudi mahali pake bila kunesa hata mara moja. Kwa lugha ya gereji, kama mwili ukitoka kwenye usawa wake kwa sentimita 7 mara ya kwanza, kilele kinachofuata cha upande uleule kisizidi sentimita 2. Mnaweza kulifanya hili Nyakato kesho. Tafuteni ubao mgumu wa sentimita 8, choreni mistari kwenye chesisi, simamisheni rula ukutani nyuma yake, na simu moja irekodi kwa mwendo wa taratibu. Fanyeni likiwa tupu, kisha na nusu ya mzigo, kisha na mzigo kamili wa mifuko ya mchanga iliyofungwa isisogee. Msitumie mapipa ya maji, maji yanacheza na yatawaharibia vipimo. Wala watu si mzigo wa majaribio.

Likifaulu hapo, hatua ya pili ni kuiharibu kompyuta kwa makusudi. Nimewahi kukaa kiti cha abiria kwenye lori la majaribio la kampuni moja ambayo sitaitaja. Wiki nzima walikuwa wamelijaribu likiwa halina hitilafu, na lilikuwa zuri kwelikweli. Siku moja jiwe likakata waya wa sensa ya nyuma kushoto. Kompyuta ikasoma sifuri, ikaamini upande ule umelala chini kabisa, ikaanza kuujaza upepo. Ubavu wa kushoto ukapanda, lori likaanza kuegemea kulia, na dereva akadhani ni barabara. Tulikuwa kwenye mwendo wa 30, uwanja wazi pande zote, likasimama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuuchomoa waya ule kwa mkono wake na kuona nini kinatokea.

Kwa hiyo chomoeni. Gari likiwa limesimama, chomoeni sensa moja moja, kisha umeme wote, kisha bomba moja la mfuko. Rudieni kwa mwendo wa 10, baadaye 20, kwenye mstari ulionyooka. Vali za shokapu zinapokosa umeme zinapaswa kurudi upande mgumu. Vali za mifuko zinapaswa kufunga na kubaki na upepo uliopo. Ndani ya mfuko kuwe na kipira cha kugongea, ili mfuko ukipasuka chesisi ikae juu yake na lori liweze kuongozwa mpaka lisimame. Programu isikubali kamwe sifuri kamili au kiwango cha mwisho kuwa kipimo halali. Sensa nyingi za viwandani hutoa volti 0.5 hadi 4.5 badala ya 0 hadi 5 kwa sababu hiyohiyo, ili waya uliokatika ujulikane. Na programu ikiganda katikati ya kazi, kuwe na saa ya ulinzi ndani ya kompyuta inayokata umeme wa vali bila kusubiri mtu.

Baada ya hapo ndipo vijiwimbi. Msiende kuvitafuta barabarani, vitengenezeni. Mbao za unene wa sentimita 2 na nusu, zimepigwa chini imara, mita moja kutoka ubao hadi ubao, urefu wa mita 30. Kwa mwendo wa 10 mtapigwa karibu mara 3 kwa sekunde, kwa 20 mara 5 na nusu, kwa 30 mara 8, kwa 40 mara 11. Pandeni kwa kilomita 5 kila mara, mara mbili kompyuta ikiwa imezimwa na mara mbili ikiwa imewashwa. Simu moja ifungwe imara juu ya chesisi mahali ekseli ilipo, ikirekodi mtikisiko. Nyingine iwekwe chini pembeni, ikirekodi tairi kwa mwendo wa taratibu. Mnachotafuta kwenye video ni mwanga kati ya tairi na ardhi. Kabla ya kuondoka gereji andikeni kwenye karatasi sheria ya kusimama, na yangu ni hii: mwendo wowote ambao kompyuta ikiwashwa inaleta mambo mabaya kuliko ikizimwa, jaribio limekwisha kwa siku hiyo. Karatasi ni muhimu kwa sababu jioni, mkiwa mmechoka na mmebakiza mwendo mmoja tu, kila mtu huwa jasiri.

Wenzetu wenye fedha wana viwanja vya kazi hii. Millbrook kule Bedfordshire, Uingereza, kuna njia za mawe yaliyopangwa kwa mfano wa barabara za kale za Ubelgiji, na njia za vilima. Jeshi la Marekani lina Aberdeen katika jimbo la Maryland tangu 1917. Sisi hatuna, lakini kwa mwendo wa 40 hamhitaji vile. Mnahitaji mita 300 zilizonyooka za murram iliyoshindiliwa, mita 100 nyingine tupu mwishoni, na pande zote mbili pawe wazi, bila mtaro, bila jiwe. Kwa Mwanza sharti la jiwe ndilo gumu. Machimbo ya kokoto yasiyofanya kazi Jumapili, au kiwanja cha kiwanda kinachosubiri kujengwa, kwa barua ya ruhusa ya mwenye eneo, vinatosha. Kuna atakayewapeleka kwenye mbuga za Misungwi au Magu akisema kiangazi pamekauka kama saruji. Msikubali. Udongo mweusi wa mbuga hizo ukikauka unapasuka, na ufa mmoja unaomeza nusu ya tairi utaharibu kila kipimo, labda na ekseli. Chagueni Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha, na fanyeni asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Dereva mmoja, mkanda, kofia ngumu, kizima moto ndani ya kebini. Wengine wote wawe mbali, pembeni, kamwe si mwisho wa njia.

Jaribio la kukwepa ghafla kutoka njia moja kwenda nyingine msilifanye kabisa ninyi wenyewe. Wanaolifanya kwa malori marefu hufunga mikono ya chuma pembeni ili lori likianza kupinduka ligote chini na kubaki limesimama. Bila hiyo mikono, mnajaribu shingo ya dereva.

Sasa mfanye nini na mfumo wenyewe? Mna njia tatu, nami nitasema ninavyoona. Ya kwanza ni kuacha kompyuta ifanye kazi ya kimo tu, shokapu zikawa za kawaida. Ni ya bei ndogo, inawezekana kabisa, na peke yake itawapa faida kubwa kwa samaki, kwa kuwa mfuko wa upepo unabaki laini lori likiwa tupu na likiwa limejaa. Springi za chuma likiwa tupu huwa ngumu kama benchi. Ya tatu, nairuka ya pili makusudi, ni ile ya gari la mbio, kompyuta kusukuma mwili juu na chini kwa nguvu yake. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kimefanya hivyo kwa magari mazito ya kijeshi, kwa mota za umeme badala ya upepo. Inafanya kazi. Lakini mfumo wenye uwezo wa kuongeza nguvu una uwezo wa kuongeza madhara, kama mlivyoonja wenyewe. Msiende huko sasa.

Njia ya kati ndiyo ninayowashauri: kompyuta isisukume chochote, ibadilishe ugumu wa shokapu tu. Shokapu haiwezi kuzalisha nguvu, inameza tu, hivyo hata ikikosea haiwezi kulirusha lori kama mfuko unaojazwa. Kanuni yake iliandikwa na Dean Karnopp na wenzake mwaka 1974, na ni rahisi kuishika ukiwaza lori limefungwa kamba na mbingu. Mwili unapanda na unaachana na ekseli, kaza. Mwili unapanda lakini ekseli inapanda haraka zaidi na inausogelea, legeza, maana hapo shokapu ngumu ingeusukuma juu zaidi. Wakati wa kushuka ni vilevile kwa kinyume chake. Fuateni mwendo wa mwili tu, ule wa mara 1 hadi 3 kwa sekunde. Mdundo wa ekseli mwachieni mafuta ya shokapu: wekeni kiwango cha chini cha ugumu ambacho kompyuta haina ruhusa ya kushuka chini yake, kwa kuwa kanuni hii inautuliza mwili na kuiacha ekseli icheze. Mtashawishika kuweka chujio kwenye programu ili isione vijiwimbi. Wekeni, lakini jueni kila chujio huongeza ucheleweshaji juu ya zile 60 mlizonazo. Kwanza tafuteni 60 hizo zinapotelea wapi. Mara nyingi kompyuta haina kosa, vali ndiyo nzito.

La uzito wa kisheria nalipitia haraka. Mfumo huu hauwaongezei hata kilo moja kwenye mizani. Ekseli ya matairi manne ni tani 10, ekseli mbili za nyuma kwa pamoja tani 18. Unganisheni mifuko ya ekseli hizo mbili za kila upande kwa bomba, la sivyo mmoja utabeba na mwingine utasindikiza, na mizani itawakamata ingawa jumla iko sawa.

Kabla ya ubao wowote kuwekwa chini, mtafuteni mhandisi wa mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje alale chini ya lori hilo. Aangalie mikono ya ekseli, mishono ya kuchomelea, matundu ya chesisi na vali ya ulinzi ya breki. Mkiona kutu nyekundu imejichora mstari mwembamba kando ya mshono, ekseli imehama hata kwa nusu sentimita ukilinganisha kushoto na kulia, usukani unavuta mkifunga breki, au upepo unashuka injini ikiwa imezimwa, msiwashe tena mpaka aje. Na kabla halijagusa barabara ya umma hata likiwa zuri, lipelekeni kwa mkaguzi wa magari wa polisi, mkiwa mmebeba michoro na zile karatasi za majaribio, na mwambieni mwenye bima yenu mlichobadilisha. Gari lililobadilishwa kimyakimya hugundulika siku ya ajali.

Shokapu zenu zinatosha au hazitoshi bado siwezi kusema. Nitumieni video ya ule ubao wa sentimita 8, kompyuta ikiwa imezimwa, lori tupu na lililopakia, pamoja na uzito wa kila ekseli kutoka mizani na picha za mikono ya ekseli kwa karibu. Picha nitaziangalia kwanza.